Tela Limekaa Siku Nzima: Dakika Zinapotelea Wapi Wakati wa Kushusha Mzigo?

Kila msimamizi wa godauni anaijua simu hii. Dereva amempigia tajiri wake, tajiri amempigia mwenye mzigo, na mwenye mzigo anakupigia wewe: "Gari iko kwako tangu asubuhi, hao vijana wako wanafanya nini?" Unatoka nje, unawakaripia vijana, wanakazana nusu saa, kisha mambo yanarudi palepale. Kesho simu inaita tena.

Nimesimamia ushushaji wa mizigo Dar es Salaam, kwenye magodauni ya Barabara ya Nyerere kuelekea Pugu, muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi tatizo haliko kwa anayebeba. Aliyetwishwa mfuko wa kilo 50 ndiye anayeonekana, basi ndiye anayelaumiwa. Dakika zenyewe zimeshapotelea getini, kwenye karatasi, kwenye mabishano ya bei, au kwenye mlango mmoja ambao watu kumi wanataka kupita kwa wakati mmoja. Hapa chini naanza na dalili kama unavyoiona uwanjani, kisha tunaitafutia chanzo chake. (Nitaandika "masaa" pale ninapotaja urefu wa muda, walimu wa Kiswahili wanisamehe. Utaona sasa hivi kwa nini nataka kuutenga na saa ya ukutani.)

Kabla ya dawa, pima

"Tela lilichukua masaa 6" ni maneno yasiyo na msaada wowote. Sita kuanzia wapi? Kwa kila gari andika nyakati sita: limefika getini, limesimama mahali pa kushushia, kipande cha kwanza kimeshuka, kipande cha mwisho kimeshuka, karatasi zimesainiwa, limetoka getini. Utapata vipande vitano vya muda: foleni, maandalizi, ushushaji wenyewe, karatasi, na kuondoka. Fanya hivyo kwa magari ishirini tu, bila kumwambia mtu aharakishe. Ukikuta ushushaji umechukua dakika 80 kati ya masaa hayo 6, utaona haya kwa uliyowaambia vijana jana.

Dalili: daftari linasema masaa 8, watu wote wanasema 2

Hii ndiyo niliyoihangaikia zaidi, na haikuwa tatizo la mizigo kabisa. Mlinzi aliandika gari limeingia "2:30". Karani wa ghala, mtu wa kompyuta, akaandika limemaliza "11:00". Ofisini wakatoa, wakapata masaa 8 na nusu. Kumbe mlinzi alimaanisha saa mbili na nusu asubuhi na karani alimaanisha saa tano. Gari lilikaa masaa 2 na nusu tu.

Ukiona hesabu imezidi kwa masaa 6 kamili, usitafute mvivu, tafuta kalamu mbili zinazosoma saa kwa lugha mbili. Mambo yakiwa kinyume, karani akiandika kuingia na mlinzi akiandika kutoka, unaweza kupata hata muda wa hasi, gari limetoka kabla halijaingia. Dawa ni saa moja ya ukutani getini na kanuni moja: wote waandike kwa mtindo wa masaa 24, yaani 08:30, 11:00, 15:40. Mlinzi atanung'unika wiki ya kwanza. Mchoree jedwali dogo la kubadilishia, libandike kwenye kibanda chake.

Dalili: kila gari linashushwa vizuri, bado madereva wanalalamika

Hapa chanzo ni foleni, na foleni ina hesabu yake. Chukua magari 6 yaliyofika yote saa mbili asubuhi. Una mlango mmoja, kila gari linahitaji dakika 90. La kwanza halisubiri. La mwisho linaanza saa tisa na nusu alasiri na kumaliza saa kumi na moja jioni. Kwa wastani kila dereva amesubiri masaa 3 na dakika 45 bila mtu kugusa mzigo wake. Vijana wako hawajakosea popote, kila gari limechukua dakika 90 zilezile. Hata ukiwabana wakapunguza dakika 10 kwa gari, wa mwisho bado atasubiri zaidi ya masaa 6 na nusu.

Kwa nini yanafika pamoja? Kwa sababu yametoka pamoja. Mawakala wa forodha wanapata ruhusa ya kutoa mzigo mchana, magari yanapakia bandarini au kwenye bandari kavu za Kurasini jioni na usiku, na kila dereva anataka kuwa wa kwanza getini kwako alfajiri. Ukimwambia msafirishaji "leta kesho asubuhi", umewaambia wote sita neno moja. Mpe kila mmoja saa yake, mpigie jana yake kuthibitisha, na anayekuja nje ya saa yake asubiri mwenye saa yake amalize. Mara ya kwanza watakudharau. Wakishaona anayefuata saa anaondoka mapema, watafuata.

Kama huwezi kuwapangia saa, basi angalau panga nani aanze. Limekuja tela la paleti (yale majukwaa ya kupangia mzigo), dakika 45, na kontena la katoni za kubeba kwa mkono, masaa 4. Ukianza na katoni, mwenye paleti anasubiri masaa 4. Ukianza na paleti, mwenye katoni anasubiri dakika 45. "Aliyetangulia ndiye wa kwanza" inaonekana ni haki mpaka uipigie hesabu. Mwenye katoni atapiga kelele kidogo. Nenda umweleze mwenyewe, usimtume mlinzi.

Dalili: gari limeegeshwa, mlango umefungwa, watu wamekaa kivulini

Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi tatu, na zote zilitakiwa kumalizwa gari likiwa bado kwenye foleni.

Ya kwanza ni karatasi na sili, ile lakiri yenye namba inayofunga mlango wa kontena. Karani anatakiwa alinganishe namba ya sili mlangoni na namba iliyoko kwenye hati, apige picha, ndipo ikatwe. Namba zikitofautiana, hakuna kukata mpaka mwenye mzigo na wakala wajue. Hilo ni dakika tano kama karani yupo. Kama karani yuko benki, ni saa nzima. Na mkasi mkubwa wa kukatia sili uwe unaning'inia hapo mlangoni kwa mnyororo, maana nimeona watu wazima wakizunguka eneo lote wakiazima msumeno.

Ya pili ni bei. Mnyapara wa vibarua anamwangalia dereva, dereva anamwangalia utingo, utingo anasema yeye kaambiwa kushusha ni juu ya mwenye mzigo. Mwenye mzigo hapokei simu. Hii ni kawaida kabisa hapa mjini, na inakula nusu saa kila gari. Anayelipa, kiasi gani, na kwa kipimo gani (tani, kontena au siku) viandikwe siku gari linapopangiwa saa. Wakati wa mabishano ya bei mnyapara ana nguvu kuliko wewe, kwa sababu gari limeshaziba mlango.

Ya tatu ni nafasi ndani. Mlango uko wazi, mzigo uko tayari, ila pa kuweka hapapo, kwa hiyo watu walewale wanaanza kusogeza mzigo wa wiki iliyopita. Usiite gari kabla hujaenda kwa miguu yako mwenyewe kuangalia sakafu.

Kwa magari ya wazi ongeza turubai. Kulegeza kamba na kukunja turubai la semi kwa watu wawili kunaweza kula nusu saa. Wafanye hivyo kwenye foleni, isipokuwa wakati wa masika. Machi mpaka Mei mvua ya Dar haipigi hodi, na mfuko wa saruji ukishalowa hakuna mjadala.

Dalili: watu wengi, mzigo hauendi

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotupwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Semi limeleta tani 30 za saruji, mifuko 600 ya kilo 50. Juu ya gari kuna watu wawili wanaomtwisha mbebaji. Tuseme kutwisha mfuko mmoja kunachukua sekunde 8: mbebaji anasogea, anainama, anatwishwa, anatoka. Mifuko 600 mara sekunde 8 ni sekunde 4,800, yaani dakika 80. Hilo ndilo dari lako. Uwe na wabebaji 10 au 25, mfuko hauwezi kutoka garini haraka zaidi ya ule unaotwishwa.

Sasa mbebaji mmoja akichukua sekunde 80 kutwishwa, kwenda, kupanga na kurudi, wabebaji 10 wanatosha kabisa: kila sekunde 8 mmoja amerudi. Ukiongeza watano, hao watano watasimama kwenye mstari. Hawakukusudia kuwa wavivu, umewalipa wapange foleni. Na msimamizi anayepita akiona watu wamesimama anasema "fanyeni haraka", wakati hakuna cha kufanya haraka.

Dawa iko kwenye pointi ya kutwishia. Semi la wazi lina mbao za pembeni. Fungua pande zote mbili, weka jozi mbili za kutwisha, moja inashusha kushoto na nyingine kulia. Dari linashuka mpaka dakika 40, na sasa wabebaji 20 wana maana. Kama ukuta umelibana gari upande mmoja, tatizo lako ni jinsi unavyoegesha.

Kontena ni gumu zaidi kwa sababu lina mlango mmoja tu. Upana wa ndani ni kama mita 2.35. Humo inapita mistari miwili ya watu, na hata hiyo inagusana mabega. Piga hesabu ya kontena la futi 40 lenye katoni 1,400: mstari mmoja unaotoa katoni moja kila sekunde 12 utachukua masaa 4 na dakika 40. Mistari miwili, masaa 2 na dakika 20. Mstari wa tatu hauingii. Kwa hiyo ukiwa na watu wanane na kontena moja, huenda wanne ndani na kwenye mlango, na wanne nje kwenye paleti, ndio mpangilio wenye akili. Wakiingia wote nane ndani wanakanyagana.

Kisha pima umbali. Mtu aliyebeba anatembea kama mita moja na ushee kwa sekunde. Lundo likiwa mita 15 kutoka garini, kwenda na kurudi ni mita 30, kama sekunde 25. Likiwa mita 60, ni mita 120, sekunde 100. Umeongeza sekunde 75 kwa kila mfuko, mara 600. Hizo ni masaa 12 na nusu ya mguu wa binadamu, umewagawia wabebaji wako bila kusema. Niliwahi kuhamisha lundo la bidhaa zinazotoka haraka kutoka nyuma ya godauni kuja karibu na mlango, na wale wabebaji walewale wakaonekana kana kwamba nimewabadilisha.

Katoni za kontena zisitembezwe mkononi kabisa. Sogeza paleti mpaka mdomoni mwa kontena, anayetoa ageuke tu na kuweka, toroli la paleti liondoe ikijaa. Mzigo ukizidi kuingia ndani, ingiza paleti ndani pia. Hatua tatu za kila katoni, mara 1,400, ni kilomita kadhaa za kwenda na kurudi.

Dalili: mwanzo moto, katikati baridi

Chukua muda wa kila theluthi ya mzigo. Ikiwa theluthi ya mwisho inachukua muda mrefu kuliko ya kwanza, uliza mambo mawili.

Kwanza, lundo limefika juu ya kichwa? Mfuko wa kuweka usawa wa kifua na mfuko wa kuweka juu ya safu ya kumi na mbili si kazi moja. Anapanda ngazi ya mifuko, anayumba, anasubiri mwenzake ashuke. Anza lundo la pili mapema badala ya kulikamilisha la kwanza mpaka dari.

Pili, joto. Kontena la chuma lililoachwa juani kuanzia Desemba mpaka Machi ni tanuri. Aliye ndani yuko kwenye joto kubwa kuliko wewe uliye mlangoni. Badilisha walioko ndani na walioko nje kila baada ya dakika 20 au 30, weka maji pale pale mlangoni, na kama unaweza kuchagua, makontena yashushwe asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau dakika 60 akifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo. Wanyapara wengi huyaruka mapumziko ili wamalize mapema. Wanamaliza kwa kuchelewa, kwa sababu mwili hujichukulia mapumziko yake kwa sekunde tatu tatu kwenye kila mzigo.

Na uzito wa kipande chenyewe. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linaweka kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa mkono kwa mwanaume mtu mzima. Mfuko wa saruji uko chini ya hapo. Gunia la mahindi la kilo 100 limepita karibu mara mbili, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ndiyo usiseme. Wakala wa Vipimo hawajawahi kuacha kuipiga vita. Ukipokea magunia ya kilo 100, panga watu wawili kwa gunia au shusha kwa paleti, na panga muda wako kulingana na hilo. Usilinganishe tani 30 za lumbesa na tani 30 za saruji kwenye jedwali moja.

Dalili: paleti zipo, foklifti ipo, bado masaa matatu

Kontena la futi 40 linabeba paleti 20 au 21 za mita 1 kwa mita 1.2. Foklifti ikichukua dakika 2 hadi 3 kwa kila mzunguko, ni saa moja tu. Ikizidi hapo kwa mbali, angalia paleti zimeelekea wapi. Upana ni mita 2.35, na paleti mbili zilizolala kwa urefu wake zinahitaji mita 2.4. Haziingii. Kwa hiyo aliyepakia huweka moja kwa upande wa 1.2 na nyingine kwa upande wa 1. Kama paleti zina matundu pande zote nne, hakuna shida. Kama zina matundu pande mbili tu, safu moja haina pa kuingiza uma, na vijana wataanza kuivuta kwa mnyororo au kupakua katoni kwa mkono. Hilo halitibiki kwako. Linatibiwa na barua pepe kwa msambazaji: paleti za njia nne.

Chanzo cha pili ni kwamba magodauni yetu mengi hayana jukwaa la kushushia. Sakafu iko chini, sakafu ya kontena iko juu ya mita moja kutoka ardhini likiwa kwenye tela, na foklifti inasimama nje ikisubiri paleti ije mlangoni. Anayeileta ni toroli la mkono. Kama toroli ni moja na gurudumu lake limekula, basi foklifti ya mamilioni inafanya kazi kwa kasi ya gurudumu hilo. Nunua toroli la pili kabla ya kufikiria foklifti ya pili. Ngazi ya chuma ya kuhamishika inayomwezesha dereva wa foklifti kuingia ndani inasaidia sana, ila mlango wa kontena la kawaida una urefu wa kama mita 2.28, hivyo pima mlingoti wa foklifti ukiwa umeshushwa. Foklifti ya dizeli isifanye kazi ndani ya kontena; moshi hauna pa kutokea.

Dalili: mlango umefunguliwa, ndani ni mchanganyiko

Aina kumi na tano za bidhaa, kila moja imetawanyika kuanzia mlangoni mpaka mwisho. Kila katoni inashikwa, inasomwa, inajadiliwa. Usiruhusu kuchambua ndani ya kontena, hapo ndipo mstari wote unasimama kumsubiri anayesoma maandishi madogo. Chora sakafuni visanduku kwa chaki, kila kimoja jina la bidhaa kwa herufi kubwa, na mtu mmoja anayejua kusoma haraka asimame mlangoni akitaja tu kisanduku: "Nne! Saba! Nne!" Utapoteza kidogo, ila kontena halisimami. Kwa mzigo ujao mwombe anayepakia akutumie picha kila robo ya kontena inapojaa. Akijua kuna picha, atapanga.

Dalili: mzigo umeisha, gari haliondoki

Hesabu imepishana. Karani ana 1,392, utingo ana 1,400, na kila mmoja anaapa. Sasa mnahesabu malundo upya, na hiyo ni saa nzima. Chanzo ni kuhesabu mwisho. Hesabuni mlangoni, karani na utingo pamoja, mistari minne na wa tano unaikata, na kila mfikapo 100 mnasimama sekunde tano mkaangaliane karatasi. Tofauti ya 8 iliyogunduliwa kwenye mia ya tatu inatatuliwa kwa kuangalia paleti moja.

Chanzo kingine ni mwenye muhuri. Ameenda kula. Awepo mwingine mwenye mamlaka ya kusaini.

Na kama ni kontena la kampuni ya meli, lifagiliwe. Mbao, misumari, mikanda na nailoni vikirudi nalo kwenye yadi ya makontena matupu, utadaiwa usafi au gari litarudishwa, na siku za kuchelewesha kontena zinaendelea kuhesabika kwa dola. Kazi ya dakika kumi ya kijana na ufagio.

Dalili: kazi imekuwa haraka mno

Nayo ni dalili. Vibarua wanaolipwa kwa siku huiburuta kazi ifike jioni. Wanaolipwa kwa kontena huirusha. Ukibadilisha kutoka siku kwenda kontena, utafurahia saa, kisha mwisho wa mwezi uone katoni zilizopasuka. Ninachopendelea mimi ni malipo kwa kontena yanayogawanywa sawa kwa kikundi, na kiasi fulani kinachotolewa tu kama uharibifu uko chini ya idadi mliyokubaliana kabla. Mnyapara asiwe ndiye anayegawa pesa gizani. Walipe kila mmoja mkononi au kwa simu.

Mahali ambapo saa inasimamishwa

Mlango wa kulia wa kontena hufunguliwa kwanza, polepole, mtu akiwa amejibanza nyuma yake, kwa sababu mzigo ulioanguka njiani umeegemea hapo. Kontena lenye alama ya kufukizwa dawa haliingiwi mpaka lifunguliwe, lipate hewa, na mtu mwenye kipimo athibitishe. Fosfini, moja ya gesi za kufukizia, huweza kunuka kama vitunguu saumu au samaki aliyeoza, na huweza isinuke kabisa, kwa hiyo pua si kipimo. Magurudumu yawekewe kabari, na ufunguo wa gari ukae kwa karani mpaka mzigo uishe. Tela lililoachwa bila kichwa chake linaweza kulalia mbele foklifti ikiingia mpaka ndani kabisa, hivyo liwekewe nguzo mbele kwanza. Dakika hizi ziandike kwenye daftari kama maandalizi, wala mtu asiulizwe kwa nini zimetumika.

Kisichokuwa ugonjwa

Kontena la futi 20 la vigae hufikia kikomo cha uzito likiwa bado na nafasi kubwa juu. Ukifungua unaona kontena nusu tupu, na mwenye mzigo anakuuliza mbona nusu kontena limechukua muda kuliko lile la futi 40 la pampasi. Tani 27 kwa katoni za kilo 27 ni katoni 1,000, kila moja na makali yake, na ukiiangusha umeivunja. Hapo vijana wakichukua masaa 3, waache.